Choo kinaflashi kivivu, au maji hayakatiki? Kagua vitu vya ndani ya tanki kabla hujanunua seti mpya

Choo cha tanki kikianza kuflashi kivivu, kitu cha kwanza utasikia nyumbani ni "presha ya maji ndogo siku hizi". Hapana aisee. Presha ya bomba haikusaidii kuflashi, ukibonyeza kitufe yanayoshuka ni maji ambayo tayari yamekaa kwenye tanki, yanashuka kwa uzito wake yenyewe, bomba linakuja kujaza tu baada ya hapo. Nguvu ya choo inatokana na maji mangapi yapo kwenye tanki, yanashuka kwa haraka kiasi gani, na sinki, yaani lile bakuli la choo lenyewe, lilikuwa na maji kiasi gani kabla hujaflashi. Yote hayo yanaendeshwa na vile viplastiki na vimpira vya ndani ambavyo hakuna anayevigusa mpaka bili ya maji ije imevimba au simtanki likauke katikati ya wiki.

Tuelewane kwanza majina. Vavu ya kujazia ndiyo inaingiza maji kwenye tanki, ina boya linalopanda na maji na kuifunga yakifika juu. Boya linaweza kuwa lile puto la plastiki kwenye mkono mrefu, au kikombe kinachopanda na kushuka kwenye mnara wa vavu yenyewe. Ovaflo ni ile paipu iliyosimama katikati, wazi juu, maji yakizidi yanaingilia hapo na kwenda kwenye sinki badala ya kumwagika sakafuni. Mpira wa chini ndio unaziba tundu la kutokea maji, kwenye tanki la mkono unanyanyuliwa na cheni, kwenye tanki la vitufe viwili ni duara la mpira lililo chini ya ule mnara mnene wa katikati. Halafu kuna kampira kembamba kanakotoka kwenye vavu ya kujazia kwenda kuingia juu ya ovaflo. Hako ndiko kanakosahaulika kuliko vyote, nitakarudia mbele.

Na maji ya tanki ni masafi, ni yale yale ya bombani, usiogope kuingiza mkono.

Hatua ya 1: mwaga maji kwa ndoo kwanza

Usifungue chochote bado. Chukua ndoo ya lita 10, ijaze zaidi kidogo ya nusu, mwaga yote kwa mkupuo katikati ya sinki. Kama sinki limemeza vizuri na kusafisha kila kitu basi sinki na bomba la kutokea havina shida, tatizo liko kwenye tanki. Kama maji yamepanda na kushuka taratibu huku yanabubujika, hapo hata ubadilishe tanki zima hutapata kitu, kuna kilichoziba njiani au shimo limejaa, tafuta huko kwanza. Jaribio hili ni la dakika moja tu na linaokoa hela nyingi kwa sababu ni kawaida mtu kuuziwa seti nzima ya ndani ya tanki wakati shimo la maji taka limejaa mpaka juu.

Hatua ya 2: toa mfuniko, flashi, angalia tu

Mfuniko wa udongo uweke sakafuni juu ya kitambaa, usiuegemeze ukutani, ukidondoka umekwisha na kupata mfuniko peke yake unaofanana ni kazi. Kama tanki ni la kitufe juu ya mfuniko, vingi kile kitufe au pete yake unaizungusha inafunguka, nyingine mfuniko unanyanyuka wenyewe na vijiti vya kitufe vinabaki.

Sasa flashi huku unaangalia ndani. Maji yalikuwa yamefika wapi kabla? Mpira wa chini umenyanyuka wote au umeinuka kidogo ukarudi? Umefunga maji yakiwa yamebaki kiasi gani? Yanavyojaa, kale kampira kembamba kanatoa maji? Na yakishajaa, kunakuwa kimya kabisa au bado unasikia ssss? Tanki zima linajieleza hapo, hayo mengine yote ni kurekebisha ulichokiona.

Angalia na muda wa kujaa pia. Dakika moja mpaka mbili ni sawa. Kama linachukua dakika tano, kwenye nyumba ya watu wengi asubuhi lazima kutakuwa na vurugu, wa kwanza ameflashi, wa pili anaingia tanki liko nusu, anabonyeza, haiendi, anabonyeza tena, na wa tatu ndiyo hakuna kitu kabisa. Halafu choo kinaambiwa kibovu.

Hatua ya 3: kimo cha maji

Matanki mengi yana mstari au alama ndani kwenye ukuta wa nyuma kuonyesha maji yaishie wapi. Kama huoni alama, weka maji yaishie sentimita 2 hadi 2.5 chini ya mdomo wa ovaflo. Yakiwa chini sana, unapungukiwa maji na uzito wa kusukuma pia, kwa hiyo kuflashi kunalegea. Yakiwa juu mpaka yanagusa mdomo wa ovaflo, yanatiririka kuingia kwenye sinki usiku na mchana, na kwa kuwa hayamwagiki popote hutayaona.

Boya la mkono mrefu, vavu nyingi zina skrubu pale mkono unapoungana na vavu, unakaza au kulegeza kidogo kidogo. Mikono ya shaba ya zamani watu walikuwa wanaikunja kwa mkono ishuke, ya plastiki usikunje, itakatika. Vavu ya mnara ina kijiti chenye nyuzi au klipu pembeni ya boya, zungusha boya likae chini zaidi kama unataka maji yapungue, juu kama unataka yaongezeke. Zungusha kidogo, flashi, subiri lijae, angalia tena.

Kuna jambo la usiku hapa. Kama tanki lako linalishwa moja kwa moja na bomba la mtaani, presha ya mchana na ya usiku ni vitu viwili tofauti, usiku watu wamelala hawatumii maji presha inapanda, na vavu iliyochoka ambayo mchana inafunga vizuri inazidiwa. Kwa hiyo unakagua saa nane mchana unaona kila kitu kiko sawa, saa nane usiku ovaflo inakunywa maji. Rekebisha jioni, halafu ukiamka usiku nenda kasikilize. Wanaotumia simtanki la juu wana shida ya upande wa pili, kila mita moja ya kimo inakupa kama bar 0.1 tu, tanki lililo mita tatu juu ya choo ni bar 0.3, na kuna vavu zimetengenezwa kwa presha kubwa zina katundu kadogo ndani, hizo zitajaza taratibu mno. Ukienda dukani mwambie muuzaji unatumia maji ya simtanki.

Hatua ya 4: kale kampira kembamba

Hapa tukae kidogo. Ukiflashi, maji yanaondoka na uchafu na yanaondoka pia na maji yaliyokuwa yamekaa kwenye sinki. Yale maji yanayobaki kwenye sinki si pambo, ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande ndani, na kwa masinki mengine ndiyo yanayosaidia kuflashi kwenyewe. Kazi ya kampira ni kwamba wakati tanki linajaa, maji kidogo yanachepushwa yapitie ovaflo kwenda kujaza sinki, ili tanki likijaa na sinki liwe limeshafika kimo chake.

Kampira kakichomoka, ambacho ni kitu cha kawaida sana, kanamwaga maji ndani ya tanki badala ya ovaflo. Tanki linajaa vizuri tu, hamna sauti ya ajabu, lakini sinki linabaki na maji kidogo chini kabisa. Matokeo yake choo kinanuka hata kikioshwa, na ukiflashi kinazunguka zunguka bila kumeza. Hii inaonekana zaidi kwenye masinki ya kunyonya, yale yenye maji mengi mapana, ukiflashi yanapanda kidogo halafu yanavutwa yote kwa mkupuo na mlio wa kumeza. Hayo yakiwa na maji pungufu mvuto hauanzi kabisa. Masinki ya kusukuma, yenye maji kidogo chini na mteremko, yanavumilia zaidi, ila harufu utaipata.

Kurekebisha ni kurudisha kampira kwenye mdomo wa ovaflo basi. Kuna klipu ndogo ya plastiki inayokashikilia pale juu, kama imepotea kafunge na kamba ya plastiki au waya laini usioshika kutu. Lakini usikatumbukize ndani! Mtu anaona kanachomoka chomoka, anakasukuma kote ndani ya ovaflo mpaka chini ili katulie. Ncha yake ikishuka chini ya kimo cha maji ya tanki, kanaweza kuanza kunyonya maji kutoka kwenye tanki na kuyapeleka kwenye sinki hata vavu ikiwa imefunga, boya likishuka kidogo vavu inafungua, inajaza, inafunga, kampira kananyonya tena. Utasikia tanki linajijaza lenyewe kila baada ya muda bila mtu kuingia chooni, na ukibadilisha mpira wa chini hali inabaki vile vile. Ncha ikae juu ya mdomo wa ovaflo, imwage ndani kwa juu.

Sasa upande wa matumizi ya maji, ambao hata mafundi wengi hawauangalii. Flashi halafu simama uangalie sinki wakati tanki linajaa. Kama sinki limefika kimo chake cha kawaida wakati tanki ndiyo kwanza liko nusu, basi maji yote yatakayoendelea kupita kwenye kampira yanavuka kona ya sinki na kwenda shimoni moja kwa moja, umeyalipia na hayajafanya kazi yoyote. Baadhi ya vavu zina kirekebishi kidogo pale kampira kanapotokea, kizungushe kupunguza. Kama hakuna, bana kampira kidogo kwa klipu ya nguo au kamba, ongeza kubana mpaka sinki na tanki vifike karibu pamoja. Ukibana kupita kiasi sinki litabaki pungufu na umerudi kule kule kwenye harufu, kwa hiyo fanya pole pole.

Kama tanki lako halina kampira hako kabisa usihangaike kukatafuta. Matanki mengi ya vitufe viwili yanayokaa na sinki la kusukuma hayana, yale maji ya mwisho yanayoshuka taratibu kutoka kwenye tanki ndiyo yanajaza sinki.

Hatua ya 5: mpira wa chini, cheni na vitufe

Mpira wa chini ndio mwizi namba moja. Jaribio lake: weka kwenye tanki rangi ya chakula, au chai ya rangi iliyokolea sana, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye sinki, maji yanapita. Kabla ya kulaumu mpira hakikisha hayaingilii kwenye ovaflo, yaani kimo kiko chini ya mdomo na ncha ya kampira iko juu. Kama huna rangi, futa ukuta wa nyuma wa sinki ukauke, bandika tishu kavu, subiri dakika kumi, ikilowa kwa mistari una jibu.

Ukiuona mpira umevimba, umejikunja pembeni au ukiupapasa unaacha weusi vidoleni, huo umekwisha, badilisha. Zile tableti za bluu za kutumbukiza kwenye tanki, zenye klorini, zinaharakisha sana kuharibu mipira, mimi ningezitoa leo hii, kama unataka usafi weka dawa kwenye sinki. Maji ya visima vya chumvi nayo, wa Dar na Mombasa mnayajua, yanaacha ukoko mweupe pale mpira unapokalia, ukipapasa kwa kidole unasikia kama mchanga. Mpira unaweza kuwa mzima kabisa ila hauwezi kuziba kwa sababu ya huo ukoko. Funga koki, flashi tanki liishe, sugua kile kikalio kwa kitambaa chenye siki au ndimu mpaka kiwe laini. Usikwaruze kwa kisu, utaweka mifereji ya kudumu.

Cheni iwe na ulegevu wa sentimita moja hivi. Ikikaza, mpira hautulii, maji yanavuja muda wote. Ikilegea sana, mkono unamaliza safari yake mpira ukiwa umenyanyuka kidogo tu, unaanguka mapema, nusu ya maji inabaki tankini na wewe unashika mkono kwa nguvu mpaka yaishe. Mpira uliochoka nao unaanguka mapema, kwa sababu unatakiwa uelee kwa muda na ukishanyonya maji hauelei.

Kwa vitufe viwili, ule mnara wa katikati mingi unazungushwa robo mzunguko kinyume cha saa unachomoka wote. Geuza uone mpira wa duara chini, suuza, geuza upande kama pande zote zinafanana, rudisha. Kama maji yanapita bado, angalia vijiti vya kitufe, vikiwa virefu mno vinakandamiza muda wote na mnara haukai chini vizuri, hiyo inatokea sana baada ya mtu kufungua mfuniko na kurudisha.

Hatua ya 6: vavu haikati, au inajaza kwa kudondosha

Hapa mgao unahusika. Maji yakikatika siku mbili tatu kisha yakarudi, yanakuja na mchanga na tope la kwenye mabomba, na chembe moja tu ikikaa chini ya kipira cha vavu ya kujazia haitafunga tena. Au zinajazana kwenye kichujio kidogo pale maji yanapoingilia na tanki linajaa kwa dakika kumi. Watu wanabadilisha vavu nzima kwa kitu cha kuosha.

Funga koki ya ukutani. Vavu za mnara nyingi unashika kofia ya juu, unabonyeza na kuzungusha kidogo inatoka, ndani kuna kipira. Kitoe, kisuuze, kiangalie kama kina alama ya kukatika. Kabla hujarudisha, funika kikombe juu ya ule mnara ulio wazi, fungua koki kidogo maji yasukume mchanga utoke, kikombe kinazuia maji yasiruke mpaka usoni, funga koki, rudisha kipira. Kichujio kipo kwenye mguu wa vavu unapoungana na paipu ya fleksibo, kivute taratibu kwa plaizi na kioshe chini ya bomba.

Hatua ya 7: pima, usikisie

Funga koki, flashi, pima kwa rula. Tanki lenye urefu wa ndani sentimita 36, upana 14, maji yakishuka sentimita 12, ni 36 × 14 × 12, unapata 6,048, gawanya kwa elfu moja ni lita 6. Hiyo ndiyo kawaida ya sasa kwa kuflashi kukubwa, Marekani sheria ya mwaka 1992 ilivishusha vyoo vipya vya nyumbani mpaka kama lita 6, na kitufe kidogo cha vyoo vingi vya leo ni lita 3. Matanki ya zamani, yakiwemo yale ya juu ya kuvuta mnyororo, yalimwaga lita 9 na zaidi.

Familia ya watu watano, kila mtu mara tano kwa lita 6, ni lita 150 kwa siku. Choo kikihitaji kubonyezwa mara mbili zinakuwa 300. Sasa linganisha na mvujo, ule mdogo usiosikika wa desilita moja kwa dakika ni lita 144 kwa siku, karibu sawa na familia nzima, kwa mwezi ni lita 4,320, yaani yuniti nne na zaidi kwenye mita. Mvujo unaousikia kwa mbali wa nusu lita kwa dakika unamaliza simtanki la lita 1,000 ndani ya siku moja na nusu. Ndiyo maana mimi siwashauri watu waanze na kuweka chupa ya maji kwenye tanki kubana matumizi. Ziba kwanza. Ukishaziba, na choo kinameza mara moja tu, weka chupa ya lita moja mbali na boya, ujaribu siku kadhaa, kama watu wanaanza kubonyeza mara mbili itoe. Tofali usiweke, linamomonyoka na vipande vinaenda kukaa kwenye mpira.

Ikibidi kununua

Nenda na kile cha zamani mkononi. Angalia kama maji yanaingilia chini ya tanki au pembeni, kipenyo cha tundu la mpira wa chini, inchi 2 na inchi 3 haviingiliani, na nyuzi za vavu, huku kwetu ni nusu inchi. Ndugu akikutumia vavu kutoka Marekani muulize kwanza, za kule zina nyuzi za 7/8 na paipu yako haitashika.

Kufunga, nati za plastiki kaza kwa mkono halafu ongeza robo mzunguko, spana kubwa hapana, inapasua mguu wa vavu au tanki lenyewe. Tredi tepu hapo haina kazi, kinachozuia maji ni washa ya mpira, ukizungushia tepu nyingi nati inakaa upande ndiyo inavuja. Fungua koki taratibu, acha lijae, halafu tandika tishu kavu sakafuni chini ya nati zote na ulale. Asubuhi iliyolowa itakuonyesha nati ya kuongezea kidogo.